Waridi la Rangi Mbili la Bi Sange

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na milango na funguo zao, na kila mmoja akijua jirani yake amepika nini, aliishi Bi Sange. Sange mnamjua? Ni yule mdogo mwenye pua ndefu, anayekimbia kabla hujamaliza kusema "yule pale". Sogeeni basi. Na wewe acha kumfinya mwenzako, hadithi hii haina nafasi ya kilio chako.

Bi Sange alikuwa msusi wa mikeka. Alikata ukindu, akauanika, akauchemsha na rangi, kisha akasuka. Nyumba yake ndogo ya udongo ilikuwa katikati ya mashamba mawili makubwa. Upande wa kulia alikaa Nyati, upande wa kushoto alikaa Kifaru. Uani kwake palikuwa na chemchemi isiyokauka hata kiangazi, na barazani alipanda mawaridi meupe kwenye vyungu vilivyotoboka.

Sasa sikilizeni mila ya nchi ile, maana bila mila hii hamtaelewa kitu. Hawakupima ardhi kwa kamba, walipima kwa maua. Palipochanua ua jekundu, hapo ni pa Nyati. Palipochanua la buluu, hapo ni pa Kifaru. Na rangi hizo mbili zilipokutana, hapo ni mpakani, na mpakani halimi mtu. Anayekaa mpakani huachwa akae kwa amani. Anayeng'oa ua la mpakani hulipa kwa shamba lake zima, likawa la jirani yake.

Na maua meupe je? Meupe hayakuwa ya mtu. Kwa miaka mingi hakuna aliyejali, mpaka kilipokuja kiangazi kirefu na visima vya wakubwa vikabaki matope.

Ndi! Ndi! Ndi! Nyati akaingia uani kwa Bi Sange bila hodi, Kifaru yuko nyuma yake.

"Shikamooni," alisema Bi Sange, ukili wa mkeka anaousuka bado uko mkononi.

"Marahaba," alisema Nyati. "Bi Sange, maua yako yana rangi gani?"

"Si unayaona, Bwana? Meupe."

"Meupe si rangi," alisema Kifaru. "Kwa hiyo hapa si kwa mtu."

"Mimi nimezaliwa humu ndani. Wanangu wawili wamezaliwa humu. Sasa sisi ni nani?"

"Nyinyi mmejibanza tu," alisema Nyati. "Masika yakianza panalimwa hapa. Fungasha mapema."

"Nitalima vizuri sana hapa," Kifaru akajisemea.

Nyati akageuka. "Utalima nani? Hapa nitalima mimi."

"Wewe? Una shamba kubwa hivyo na bado una njaa?"

Wakatoka wakibishana. Nyati alivyo mnene, alipogeuka alikipiga chungu kimoja kwa tako lake. Kwaa! Chungu kikavunjika, tawi la waridi likakatika, na lile tawi likatumbukia katika sufuria ya rangi nyekundu iliyobaki baada ya kuchovya ukindu. Nyati hata hakusema samahani. Wakubwa wengine hawana neno hilo kinywani.

Bi Sange alilia. Aliogopa kweli, maana hakuwa na ndugu wa kumpokea wala pembe ya kupigania. Kisha akajifuta kwa kanga na kuwaambia wanawe, "Sihami."

"Tutafanyaje, mama?"

"Bado sijui. Lakini sihami."

Asubuhi alipokwenda kumwaga ile rangi, alisimama ghafla. Waridi lililokatika halikuwa jeupe tena. Shina ndilo lililozama, ua lenyewe lilikuwa juu kabisa, rangi haikuligusa. Hata hivyo lilikuwa jekundu mpaka kwenye ncha za petali.

"Kumbe ua linakunywa," alisema Bi Sange taratibu. "Likinywa nyekundu, linakuwa jekundu. Je, likinywa rangi mbili?"

Akaanza kazi. Alikata waridi akalitia kwenye rangi iliyotoka jikoni ikiwa ya moto. Likanyauka. Akakata jingine, akalitia kwenye rangi iliyopoa lakini nzito kama uji. Likachukua rangi kwenye mishipa tu, kisha likainama na kufa. Akazimua rangi kwa maji, akalipasua shina katikati kwa kisu chake cha ukindu. Kisu butu, shina likapondeka. Mwanawe mkubwa akasema, "Mama, mawaridi yatakwisha."

"Yakwishe. Nyumba isiishe."

Akaazima wembe. Akalipasua shina polepole kutoka chini, pande mbili zikabaki zimeshikana juu chini ya ua. Upande mmoja akautia kwenye kichupa cha rangi nyekundu, upande wa pili kwenye kichupa cha buluu. Akakaa karibu nalo anasuka, analitazama, anasuka tena. Nusu ya ua ikaanza kuingia wekundu. Nusu nyingine ikaanza kuwa buluu. Bi Sange hakucheka wala hakupiga vigelegele. Alivifukia vile vichupa ndani ya udongo wa chungu, ua likasimama kama lililoota pale, akalifunika kwa kawa ya kufunikia chakula.

Kisha akaenda kwa Nyati.

"Hodi. Bwana Nyati, nimekuja kukuambia jambo kabla hujalisikia kwa mwingine. Waridi langu moja limeingia wekundu."

Masikio ya Nyati yakasimama. "Wekundu? Kifaru anajua?"

"Kuhusu wekundu sijamwambia."

"Usimwambie."

"Simwambii. Lakini akilikana ua mbele ya watu, je?"

"Hawezi. Tumwite Mama Twiga, tule kiapo kwanza. Atakayelikana ua, shamba lake liende kwa mwenzake. Nitaapa mimi wa kwanza."

"Wewe ndiye mwenye busara, Bwana," alisema Bi Sange, akaondoka zake.

Akapita njia ya nyuma mpaka kwa Kifaru. Kifaru macho yake hayaoni mbali, lakini tamaa yake inaona hata gizani. Alipoambiwa kwamba waridi limeingia ubuluu, akaachia tonge la ugali likaanguka.

"Nyati anajua?"

"Kuhusu ubuluu sijamwambia. Lakini anataka mle kiapo: atakayelikana ua langu, shamba lake liende kwa mwenzake."

"Vizuri. Naapa leo hii kama anataka tuape."

Mmeona? Bi Sange hakumdanganya yeyote hata kwa neno moja. Waliokuwa wanajidanganya ni wao wenyewe, na yeye aliwashikia mlango tu.

Wakakutana uani kwa Bi Sange. Mama Twiga ndiye aliyekuwa mjumbe, kwa sababu shingo yake ilimwezesha kukagua mipaka yote bila kutoka nyumbani. Akawauliza, "Mnaapa kwa hiari yenu?"

"Kwa hiari," alisema Nyati, akimtazama Kifaru kwa huruma.

"Kwa hiari," alisema Kifaru, akimtazama Nyati kwa huruma zaidi.

Wakaapa. Atakayelikana ua, shamba lake ni la mwenzake. Bi Sange, aliyejitanda kanga mpaka vidoleni, akafunua kawa.

"Jekundu," alisema Nyati.

Kifaru akasogeza pua mpaka ikagusa petali. "La buluu hili. Huoni?"

"Wewe ndiye huoni. Tangu lini ukaona?"

Mama Twiga akainamisha shingo, polepole, mpaka macho yake yakawa sawa na ua. Akalitazama upande huu, akalitazama upande ule. "Wote mmesema kweli," alisema. "Nusu jekundu, nusu la buluu, na shina ni moja. Basi hapa ni mpakani."

Nyati akapiga kwato chini. "Silikani ua, lakini waridi halioti hivi. Ling'olewe tuone mizizi."

Moyo wa Bi Sange ulipiga puu, puu, puu, maana mizizi hapakuwa nayo, palikuwa na vichupa. Lakini hakurudi nyuma hata hatua moja. "Ling'oeni," alisema. "Mimi sizuii. Ni nani kati yenu anayeng'oa?"

Nyati akainamisha pembe. Halafu akakumbuka mila. Akainua kichwa. "Kifaru, ng'oa."

"Mwenye shaka ni wewe. Ng'oa wewe."

"Pembe yako kubwa iko puani, imekaa kama jembe kabisa."

"Zako ni kubwa zote mbili. Zitamaliza kazi upesi."

"Tangulia, ndugu yangu."

"Sithubutu kukupita, kaka."

Walikaribishana hivyo mpaka jua likawachoma migongo. Kila mmoja alikuwa anamwombea mwenzake aguse, ili amchukulie shamba. Hakuna aliyegusa. Mwishowe Mama Twiga akakohoa.

"Basi mila ni mila," alisema. "Bi Sange anakaa mpakani, na asisumbuliwe. Maji ya mpakani yanachotwa kwa ruhusa ya anayekaa hapo."

Wale wakubwa wakamtazama Bi Sange. Ilikuwa mara ya kwanza wanamtazama kweli.

"Njooni na ndoo," alisema. "Mwenye kiu simnyimi. Lakini majembe yabaki kwenu."

Wakaondoka, mmoja kulia, mmoja kushoto, kila mmoja akiona amelinusuru shamba lake. Bi Sange akakaa chini pale pale, akawakumbatia wanawe wawili.

Mama Twiga alikuwa ameshafika njiani. Akarudisha shingo peke yake juu ya paa, mwili ukabaki barabarani, akanong'ona:

"Bi Sange."

"Labeka, Mama."

"Kanga imekuteleza. Kaoshe mikono kabla hawajaja na ndoo. Mmoja mwekundu, mwingine wa buluu."

Hadithi yangu imefika mlangoni, na mwenye masikio aondoke na hili: mwenye tamaa huapa kabla hajaona.