Ufunguo wa Ghala la Dorkasi

Haya, sogeeni, na mwenye hukumu aiweke tayari, maana mimi imenishinda na hasira bado ninayo.

Zamani, katika koloni la Waingereza kule Amerika, mjane Dorkasi alikuwa na majirani watatu. Hezekia, Mpuritani, alihubiri saa tatu bila kumeza mate. Obadia, Mbaptisti, alibatiza watu wazima mtoni hata maji yakiwa na barafu. Damari alikuwa Mkweka; ibada yao ni kukaa kimya, basi masikio yake yalinasa hata mnong'ono. Wote watatu walikimbia Uingereza kwa kuzuiwa kusali watakavyo. Na wote watatu, jamani, hawakusalimiana!

Asubuhi moja ukungu ulitanda, na Pashensi, binti pekee wa Dorkasi, akapotea. Miaka minne tu! Dorkasi alitoka mbio akipaza sauti. "Atakayenirudishia mwanangu, ghala langu nampa awe anasalia humo!"

Watu wakapiga mayowe kila upande. Damari akasema, "Marafiki, nyamazeni." Akasikiliza weee, kisha akanyoosha kidole. "Analia. Yuko mtoni."

Obadia hakuvua hata viatu. Maji yalimfika kifuani, akamkuta mtoto juu ya jiwe, alikokuwa amemfuata bata. Akambeba begani. Alipogeuka, ukungu ulikuwa umezidi, hajui ukingo uko wapi.

Ndipo Hezekia, pale ukingoni, akaanza kuhubiri. Akaanza na kitabu cha Mwanzo, akaingia Kutoka, hapumui! Obadia akaifuata sauti ile hatua kwa hatua mpaka nchi kavu.

Dorkasi alimkumbatia mwanawe, akalia. Kisha akatoa ufunguo.

"Ni wangu," akasema Hezekia. "Na Mbaptisti hakanyagi humo."

"Angezama bila mimi!" akafoka Obadia. "Wewe baki nje na kelele zako."

"Msingejua hata aliko," akasema Damari. "Humo patakuwa kimya. Ninyi wawili kimya hicho hamtakiweza."

Dorkasi alipandwa na hasira. "Hamna haya! Mlifungiwa milango kwenu, mkavuka bahari nzima, leo mnagombea ufunguo wa kuwafungia wenzenu? Mtoto anatetemeka. Nani kati yenu amemwombea hata blanketi?"

Wakainamisha vichwa, wote. Lakini mikono mitatu ilibaki imenyooshwa.

Ahadi ilitolewa mbele ya watu, na mtoto yu hai. Je, wewe ungekuwa Dorkasi, ufunguo ungeuweka mkononi mwa nani?