Linux ya Kweli na Orodha ya Mkunga

Shikamooni wazee. Amina zenu zishikeni kwanza, leo nimekuja nimekasirika. Na msinong'one huko nyuma eti huyu kaishia darasa la saba. Ndiyo, la saba! Na wenye digrii zao kompyuta zikigoma wanampigia nani? Mimi. Haya, sikilizeni.

Kulikuwa na mkunga mmoja wa zahanati, mama mtu mzima. Ana laptop kuukuu, na humo kaandika wajawazito wake wote: nani ana presha, nani alipasuliwa uzazi uliopita, nani kundi lake la damu ni la kutafuta kwa tochi. Siku moja ikakataa kuchapa. Alichotaka ni ile orodha tu, ampe nesi wa zamu. Akaipeleka kwa fundi.

Laptop yenyewe ilikuwa inatumia Linux. Usinitolee macho, mama mchungaji, si pepo hilo! Ni programu ya bure inayoendesha kompyuta. Kiini chake ni kimoja, ila kila kundi la watu limekichukua, likakivika nguo zake, likakipa jina: hawa Fedora, wale Debian, wengine Ubuntu.

Fundi akaiwasha, akacheka mpaka akashika kiuno.

"Mama, nani alikuwekea uchafu huu?"

"Mwanangu, mimi nataka kuchapa orodha."

"Utachapa nini na Fedora? Linux ni Ubuntu, mama. Nyingine zote ni za kuchezea."

Mnawajua mafundi wetu, hamuwajui? Akikuta kazi ya mwenzake hairekebishi. Anaifuta aanze upya, uonekane mkono wake. Kompyuta ikamuuliza: nifute kila kitu? Akabonyeza ndiyo, huku anapiga mluzi.

Hajakaa vizuri, akaingia fundi wa duka la jirani.

"We! Unamwekea mama wa watu Ubuntu? Hiyo si imezaliwa na Debian? Unamwachaje mzazi unamfuata mtoto?"

"Debian ya wazee hiyo, ina kutu!"

"Kutu? Lete hapa!"

Naye akafuta.

Wakabishana mpaka wauza chipsi wakaacha karai wakaja kushangaa. Ipi ndiyo yenyewe? Ipi ndiyo kipimo cha zote? Mwisho wakamgeukia mkunga: "Mama, amua wewe, ipi kali?"

Mkunga akakitazama kioo. Kinang'aa kama sahani iliyooshwa.

"Wanawake wangu wako wapi?"

Akabonyeza huku, akabonyeza kule.

"Kuna binti anajifungua wiki hii. Kundi lake la damu sijalikariri. Nionesheni yuko wapi humu."

Unajua yule fundi wa kwanza alijibu nini? "Lakini mama, si unaona sasa inawaka haraka?"

Mkunga akanunua daftari na kalamu, akaanza kupita mlango kwa mlango, na miguu yake ile iliyovimba, akiwauliza upya mmoja mmoja. Nyuma yake ubishi ukaendelea.

Mnataka niwaambie ipi ndiyo Linux yenyewe? Mimi ninayezijua zote nawaambia: hakuna! Hakuna iliyopewa muhuri juu ya wenzake. Hata ile aliyokuja nayo ingechapa, kama kungekuwa na mtu mmoja wa kuigusa bila kiburi.

Mbona mnacheka? Mnadhani nawasema mafundi?

Sisi mtu akiingia hapa na mzigo wake, tunamuuliza nini? "Unasali wapi? Nani alikubatiza? Kwa maji mengi au ya kunyunyiza?" Akijibu, tunashika kiuno. Tunamwambia ule haukuwa ubatizo, zile hazikuwa sala, aanze upya. Tunamfuta! Miaka yake yote na Mungu tunaibonyezea ndiyo, huku tunaimba pambio.

Mnamkumbuka yule mama wa kitenge cha kijani? Alikuja analia, kasimama pale mlangoni. Mzee wa zamu, usiangalie chini, nakusema wewe, ulimpeleka moja kwa moja darasa la ubatizo. Wiki tatu. Akazamishwa, tukapiga vigelegele, na mimi nilipiga. Jumapili iliyofuata hakuja. Leo hayupo.

Alikuwa analilia nini siku ile?

Nauliza. Nyie wote mlio humu, nani anajua?

Hata mimi sijui. Hakuna aliyemuuliza.