Mshumaa wa Fintani

Hadithi naileta, wasikilizaji. Itikieni, nisije nikasimulia peke yangu.

Huko Ayalandi, juu ya kilima, aliishi mzee Fintani, aliyefiwa na mkewe. Desturi ya kwao, mkesha wa Krismasi mshumaa huwekwa dirishani, ili mpita njia ajue ana mahali. Mdogo wa nyumba huuwasha. Kuuzima ni haki ya mwanamke yeyote aitwaye Maria. Akiuzima mwingine, nyumba hiyo haibishiwi hodi tena.

"Mdogo ni mimi, na mkubwa ni mimi," alisema Fintani, akauwasha.

Upepo ukabisha. "Mzee, nikuzimie?"

"Wewe ni Maria?"

"La."

"Basi pita."

Likabisha Zimwi. "Unaunguza nta bure, Mzee. Nani atakuja kwako?"

"Wewe ni Maria?"

"Niite hivyo."

"Na ndevu hizo, Maria? Pita."

Mara ya tatu akabisha mwanamke aliyelowa mvua.

"Wewe ni Maria?"

"Fintani, umeisahau sauti yangu?"

Alikuwa Maria, marehemu mkewe. Akausogelea mshumaa. "Nikiuzima, utalala salama, nami sitarudi. Nikiuacha, nitarudi kila Krismasi, lakini wewe utakesha mwaka mzima ukiulinda."

"Usingizi wa nini, mke wangu? Keti."

Kulipopambazuka kiti kilikuwa kimelowa, wala hakikuwa na mtu.

Mshumaa ungali unawaka. Mkipita kilima kile, bisheni hodi, mzee yu macho. Ila wewe uitwaye Maria, nakusihi, usiupulize.