Mbuzi wa Nadhiri ya Bi Sikitu

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, maana hospitali zilikuwepo na foleni zake, aliishi Kondoa mjane mmoja aitwaye Bi Sikitu. Alikuwa na magoti mabovu na mbuzi jike mmoja. Watoto hakujaliwa. Ndugu walimkumbuka Idi hadi Idi. Basi asubuhi alimsalimia mbuzi, jioni akamsimulia mbuzi habari za kutwa. Msicheke. Ninyi mnaolala nyumba zilizojaa watu hamjui upweke.

Kilichomuuma kuliko magoti ni kaburi. Mumewe alizikwa ng'ambo ya kilima, na mwaka wa saba ulikuwa unakwisha hajafika kumsomea dua. Vidonge alivimeza mpaka tumbo likakataa. Siku moja akaweka nadhiri mbele ya majirani: akifika kaburini kwa miguu yake mwenyewe, mbuzi yule atampa aliyemponya. Wakamwonya kwamba nadhiri haichezewi, na mbuzi ndiye mwenzake wa pekee. Akasema liwalo na liwe.

Ndipo watafiti wakaja hospitalini, wakitaka kujua kama sindano za tiba ya Kichina zinatuliza maumivu sugu ya magoti na mgongo, ama ni imani ya mgonjwa tu. Hawakuficha kitu. Walieleza kwamba watu watagawanywa kwa kura: wengine watachomwa sindano za kweli, wengine watawekewa sindano butu ambazo ncha zake hurudi ndani ya mpini, na mgonjwa hatajua zake ni zipi mpaka mwisho. Bi Sikitu akatia dole gumba.

Ikawa wiki kumi, mara tatu kwa wiki. Daktari Fang, mama wa makamo kutoka China, alimpapasa magoti taratibu akitafuta mahali pa sindano, nusu saa nzima. Tangu afiwe, Bi Sikitu hakuwa ameguswa na mtu kwa upole kiasi kile, na mara ya kwanza nusura alie. Kisha Nesi Vumilia alimjazia fomu: amelalaje, goti likoje, ameinama leo? Na kuanzia wiki ya tatu akapata mwenzake wa njiani, Mzee Swedi, mgonjwa wa mgongo, aliyempitia nyumbani akidai ni njia yake. Walikwenda polepole na kurudi polepole, wakiusengenya mji mzima.

Wiki ya tisa Bi Sikitu akapanda kilima. Akafika kaburini, akasoma dua, akalia mpaka akatosheka, akarudi kwa miguu yake.

Siku ya kufunga utafiti, bahasha zenye matokeo ya kura zikafunguliwa. Kumbe Bi Sikitu alikuwa kundi la sindano butu! Hakuna hata moja iliyomwingia mwilini. Aliona aibu, kama mtu aliyefumaniwa akizungumza na mbuzi. Lakini nadhiri ni nadhiri. Akaenda kumfungua mnyama, akamleta uani mwa hospitali, akauliza ampe nani.

Daktari Fang akasema, "Mama, nilijua sindano zako ni butu, na sikuruhusiwa kukwambia. Lakini mahali nilipopapasa ni palepale, na mikono ni hiihii. Sikukupunja kitu."

Nesi Vumilia akainamisha kichwa. "Bibi, fomu ilikuwa na maswali tisa. La kumi niliongeza mimi: jana umeongea na nani? Wiki mbili mfululizo ulinijibu mbuzi. Ndipo nikamwomba Mzee Swedi awe anakupitia. Wakubwa wakijua nimeuvuruga utafiti wao, kazi sina."

Mzee Swedi akakohoa. Ikajulikana kwamba anakaa nyuma ya ukuta wa hospitali, wala kwa Bi Sikitu si njia yake hata kidogo. Sindano zake yeye zilikuwa za kweli, na mgongo haukupona.

"Nesi aliniomba wiki moja tu," akasema. "Saba zilizofuata nilikuja kwa hiari yangu, na mgongo huuhuu."

Bi Sikitu akawatazama. Daktari anarudi kwao Ijumaa. Nesi amehamishiwa wilaya nyingine. Mzee Swedi anachukuliwa na wanawe, akatibiwe Dodoma. Yeyote atakayeipokea kamba ile ataondoka nayo, na yeye atarudi kwenye nyumba isiyo na hata wa kumwamkia. Tena tangu asubuhi goti la kushoto lilikuwa limeanza kuuma upya. Hakumwambia mtu, kwa kuwa fomu zilikwisha kufungwa na hakuna aliyemuuliza.

Haya, ninyi mnaojua kuhukumu. Mbuzi hagawanyiki akabaki mzima, na aliyeweka nadhiri amesimama kamba mkononi, watu watatu wanamngoja. Je, nani alistahili?