Jina la Kuandikwa kwenye Betri ya Chumvi

Kabla sijawasimulia, nikiri kosa langu. Nilisema uongo, na nilikuwa nimetoka kuswali adhuhuri. Mgeni aliniuliza mimi, msimamizi wa visima vya chumvi, "Betri hii ni ya nani?" Nikajibu, "Ya Bukuru." Nilijua fika ni ya watu watatu. Nilimtaja yeye kwa kuwa ni mwanamume na alikuwa amevaa viatu. Mungu anisamehe.

Sasa sikilizeni muone uongo ule ulivyozaa.

Kwetu tunachemsha chumvi. Bi Ntibona ana ulimi: akionja maji ya kisima, anakwambia yana uchafu gani. Bukuru, fundi redio, ana mikono. Tausi, mwalimu wa chekechea, ana subira. Hao ndio watatu wa betri hii, inayotunza umeme kwa chumvi.

Bi Ntibona alitoa chumvi. Bukuru alipotia ya dukani, betri ilikufa siku ya nne. Bibi akacheka: "Mjukuu wangu, unailisha mchanga!" Akachuja maji mara saba, akachemsha, akachuja tena. Betri ikapona.

Bukuru aliunda. Alichoma makokwa ya chikichi yakawa mkaa, akausaga, akaupaka kwenye bati jembamba. Aliungua mikono hadi kucha mbili zikang'oka.

Tausi aliichaji, akaimaliza, akaichaji tena, mara elfu moja na mia mbili, akiandika kila mara daftarini. Ndiye aliyegundua kwamba ikijazwa pomoni inachoka, ikiachwa na nafasi kidogo inadumu.

Ndipo akaja Bi Shoo, mwekezaji, yule mgeni niliyemdanganya. Hakutaka kununua betri. Alitaka leseni, yaani ruhusa ya kuziunda kiwandani kwa ujuzi huu, na mwenye ujuzi apate fungu katika kila moja itakayouzwa. Akapima thamani ya ujuzi huo mbele yetu.

"Bila daftari hili ningeondoka zamani," alisema. "Bila chumvi hii, kila mtu angeiga wiki ijayo. Na bila fundi, mezani pasingekuwa na kitu. Ila mkataba wangu una mwenye ujuzi mmoja, na fungu lote ni lake. Sitaki kesi na watu watatu."

Bukuru akawahi kalamu. "Ada yetu, desturi ya visimani, mnaijua. Asiyekuwepo chumvi ikiipuliwa motoni hana fungu. Siku taa ilipowaka kwa betri hii, nani alikuwepo? Mimi!"

"Nilikuwa wodini najifungua, we Bukuru!" Tausi akafoka. "Ulitaka nimrudishe mtoto tumboni nije kutazama taa?"

Bi Ntibona hakupaza sauti. "Nami nilikuwa namzika mwanangu. Ulikula wali wa matanga, ukanawa, ukaenda kuwasha taa."

"Na mikono yangu je?" Bukuru akaikunjua juu ya meza. "Miezi miwili mke wangu alinilisha kwa kijiko! Nani kati yenu alikuja hata kunikunia mgongo?"

Bi Shoo akanigeukia. "Wewe ulinieleza ni ya Bukuru."

Nikakiri mbele ya wote. Tausi akatema mate chini. Bibi hakuniangalia. Bi Shoo akafunga mkoba: "Basi wewe msimamizi, Ijumaa uniletee jina moja, kwa kiapo. Usipoleta, leseni hakuna."

Ndugu zangu, nina hasira. Nina hasira na karatasi isiyo na nafasi ya majina matatu. Nina hasira na ada inayomwadhibu mwanamke kwa kuzaa na mama kwa kuzika, ada ambayo mimi mwenyewe nimeilinda miaka ishirini. Nikimtaja fundi, nimewadhulumu wawili. Nikimtaja bibi au mwalimu, vivyo hivyo. Nikinyamaza, wote watatu wanakosa.

Je, ungekuwa wewe umeshika msahafu, ungemtaja nani? Msinipe mithali. Nawaomba mnipe jina, na mniambie kwa nini.