Kwa Nini Isale Halipukutishi Majani

Kabla ya babu wa babu zenu kuzaliwa, huku mlimani hasira ilikuwa na msimu wake. Watu wakigombana, mmoja alichagua mti, akaapa mbele ya wazee kwamba hatakanyaga kwa mwenzake mpaka mti ule upukutishe majani. Kiangazi kilipofika majani yakaanguka, wagomvi wakakutana, wakanywa mbege, pombe ya ndizi, kwa kata moja, na yakaisha. Hakuna aliyelazimika kuomba radhi, upepo uliwaombea. Ilikuwa njia rahisi mno, na watu waliipenda kwa sababu hiyohiyo.

Siku hizo waliishi ndugu wawili, Kileo na Mtui. Kileo, mkubwa, alikuwa na nyumba yake. Mtui, kitinda mimba, alibaki katika kihamba cha marehemu baba yao, yaani shamba la migomba la ukoo, akimtunza mama yao Mkunde, kama desturi ya mzaliwa wa mwisho ilivyo hadi leo. Kati yao ulipita mfereji, na maji yake waligawana kwa siku.

Mwaka mmoja wa jua kali, Mtui aliona ulezi wake unanyauka, akafungulia maji siku isiyo yake. Ulezi wa Kileo ukakauka wote. Kileo hakumpiga. Aliingia msituni, akakata vijiti vya mmea asioujua, wenye majani marefu yaliyochongoka, akavichomeka kando ya mfereji viwe mpaka. Vilishika upesi, vikachipua. Ndipo akaita wazee, akapasua chungu cha kiapo na kusema, "Sitavuka hapa mpaka mmea huu upukutishe majani. Nikivuka kabla, nizike wanangu."

Mzee mmoja akamwuliza, "Unaufahamu mti huo, Kileo?"

"Mti ni mti," akajibu. Kichwa chake kilikuwa kigumu, Mungu amrehemu.

Kiangazi kikaja. Mringaringa ukapukutika, na miti mingine ikafuata. Kileo alikwenda mferejini kila asubuhi, akayakuta yale majani mabichi vilevile. Akajiambia, labda mwakani. Mwaka wa pili hali ikawa ileile, na hapo hofu ikamwingia, maana alikuwa amefunga mlango ambao hakujua kuufungua.

Mkunde alikuwa akivuka mwenyewe kumwona mwanawe. Miguu yake haikuwa imeapa, alisema. Lakini mwaka wa tatu akaanza kukohoa, na siku moja hakuweza kuinuka. Kutoka uani kwake Kileo alikisikia kikohozi kile kikipenya migombani, asubuhi na jioni, na chakula kikamshinda.

Mtui akaja ng'ambo ya mfereji. "Kaka, mama anakuulizia."

"Mwambie majani hayajaanguka."

Kileo akaitikisa mimea ile kwa mikono miwili. Halikuanguka hata jani moja. Alitamani kuvuka, akawatazama watoto wake wakicheza, akarudi nyuma. Siku ya pili ikawa hivyo. Siku ya tatu Mtui alikuja macho yamemwiva. "Kaka, anasema amechoka kungoja."

Kileo akalichuma jani kwa mkono wake. Akalifunga fundo ili lisionekane limeanguka lenyewe, asije akajidanganya, kisha akapiga magoti kwenye tope. Mkubwa kumpigia mdogo magoti, jambo hilo halijapata kuonekana. "Mdogo wangu, halitaanguka kamwe. Nimelichuma mwenyewe. Nisamehe, unifungue kiapo."

Mtui akalishika kwa mikono miwili. "Maji yalikuwa yako, kaka. Mimi ndiye niliyekosa. Nimekufungua. Vuka."

Wakakimbia. Walipoingia, mkono wa mama yao ulikuwa bado na joto, lakini Mkunde alikuwa ameshakwenda. Kileo alilia mlangoni akimwita mama kama mtoto, na Mtui akamshika, hawakuachana mpaka majirani walipofika. Wakamzika migombani. Kichwani pa kaburi wakachomeka kijiti cha mmea ule, kikashika. Watoto wa Kileo waliishi wote, wakazeeka.

Na tangu siku hiyo, hasira haina msimu tena kwetu. Mmea ule ndio isale, nalo limesimama kwenye mipaka ya vihamba na makaburini, bichi masika na kiangazi, likingoja mkono wa mtu. Aliyekosa hulichuma, akalifunga fundo, akampelekea aliyemkosea. Na anayeletewa hakatai. Hata hamkaribishi mgeni kiti kwanza, hulipokea palepale mlangoni, upesi, kwa sababu ya mkono ule uliokuwa bado na joto.