Zimwi Lenye Masikio Makali

Sogeeni, na mwenye kiu anywe sasa hivi, maana ngano hii inatoka nchi ya mchanga mtupu.

Huko aliishi Talaso, mfinyanzi wa mitungi, na chini ya shamba lake liliishi zimwi kipofu. Talaso akamwagilia mbegu za tikiti mchana. Zimwi likafyonza, likaimba: "Nasikia maji, nakunywa maji!" Akamwagilia alfajiri, likafyonza. Akamwagilia kwa kijiko. Likafyonza, likaimba vilevile. Zikabaki mbegu tatu, na wanawe nyumbani walikuwa wakilamba chungu kitupu.

"Mbona linasema linasikia?" Talaso akajiuliza, akautazama mtungi wake wa maji ya kunywa. Haukuvuja hata tone, lakini ubavu wake wote ulikuwa umelowa jasho.

"Kumbe wewe unatoa jasho kimyakimya!" akauambia. "Twende shamba."

Akauzika ukiwa umejaa, akaufunika, akapanda zile mbegu tatu pembeni. Kila ulipokauka, alileta mwingine uliojazwa nyumbani. Zimwi likatega sikio. Kimya. Likatega tena. Kimya. Mwezi wa tatu likatoa kichwa mchangani, midomo imepasuka.

"Talaso, nakufa kwa kiu! Siku hizi humwagilii?"

Talaso akapasua tikiti moja kati ya yaliyoiva, akalipa zimwi kipande kikubwa. Zimwi likauma, maji yakalichuruzika hadi kidevuni, likaduwaa.

"Haya maji uliyaficha wapi?"

"Nikufichie wewe? Yalikuwa mtungini, juu ya kichwa chako, yakitoka jasho kimyakimya."

Ngano yangu imeliwa. Maganda wapeni mbuzi.